Kangaga la ndani linapokataa: dalili, sababu na la kufanya

Maswali kuhusu makangaga ya ndani hufuata misimu. Kaskazi ikikolea, Januari na Februari, watu wanauliza kwa nini ncha zimekauka. Masika yakishika, wanauliza kwa nini majani yamegeuka manjano na chungu kinanuka. Kipupwe kikiingia, wanauliza kwa nini mmea umesimama tu, haukui wala haufi.

Jibu wanalopewa karibu kila mara ni moja: lipulizie maji. Ushauri huo umetoka nchi za baridi, ambako nyumba hupashwa moto miezi kadhaa kwa mwaka na hewa ya ndani ikakauka kabisa. Unguja na Pemba hewa ina unyevu wa kutosha. Ukitaka ushahidi tazama chumvi inavyoganda kwenye kikopo chake jikoni. Kinachoyamaliza makangaga yetu ni maji ya kisima yenye chumvi na chokaa, upepo wa pangaboi na kiyoyozi, na mkono wa kumwagilia usiotulia. Kwa hiyo hapa maji yatashukiwa kwanza, hewa baadaye.

Kabla ya yote: ni kangaga kweli?

Kwenye vitalu utauziwa mimea minne kwa jina hilo hilo. Mitatu ndiyo, mmoja siyo.

Lile la kawaida, lenye majani marefu yanayoinama na vijani vilivyopangwa pande mbili za uti, ni Nephrolepis. Ni sugu kuliko mengine, na mengi ya humu yanalihusu hilo. Lile la majani mapana yanayong'aa, yasiyogawika, yanayochipuka kuzunguka shimo la katikati, ni Asplenium. Usilimwagie maji ndani ya shimo hilo, mwagia pembeni. Lenye vijani vidogo laini na vijiti vyeusi vyembamba ni Adiantum, na hilo ni la wenye subira: likikosa maji siku moja ya joto linakunjamana lote.

La nne lina majani membamba mno, laini, na miiba midogo kwenye shina. Hilo ni ndugu wa asparaga, si kangaga. Mizizini lina viazi vidogo vya kuhifadhi maji, na linataka udongo ukauke kiasi kabla ya kumwagiliwa tena. Ukilitunza kwa masharti ya kangaga litaoza. Matunda yake mekundu yanawadhuru paka na mbwa. Nephrolepis haina sumu kwa paka, na hilo si jambo dogo kwa nyumba za Mji Mkongwe ambamo paka huingia bila hodi.

Ukaguzi wa dakika tano

Usinunue dawa wala mbolea kabla ya kufanya haya:

- Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Juu pakavu na ndani pana unyevu ni hali nzuri. Ndani pakavu ni kiu. Kidole kikitoka na tope, acha kumwagilia.
- Inua chungu. Ukizoea uzito wake kilicholowa na kilichokauka, hutahitaji kidole.
- Tazama tundu la chini. Lipo? Limezibwa na mizizi? Limekaa ndani ya maji ya kisahani?
- Geuza majani matatu manne uangalie chini, na pale jani linapoanzia.
- Fungua birika la chai. Utando mweupe ndani yake, au sabuni isiyotoa povu, maana yake maji ya nyumba ni magumu, na kangaga linayanywa hayo hayo.

Ncha na kingo zimekauka, zina rangi ya kahawia

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi. Jani bado ni kijani, ila ncha za vijani zimeungua, kuanzia majani ya nje.

*Maji yenye chumvi au chokaa.* Sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya visima hupita humo kabla ya kukufikia. Karibu na pwani, kisima kikivutwa kupita kiasi, bahari hujipenyeza chini kwa chini. Kangaga linapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 5.5 hadi 6.5 (pH ni kipimo cha uchachu: kikipanda, uchachu umepungua). Maji ya chokaa hupandisha kipimo hicho, na kila maji yanapokauka chunguni chumvi hubaki nyuma. Utauona ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu cha udongo na juu ya udongo wenyewe.

Kwangua ukoko huo pamoja na udongo wa juu, unene wa kidole. Kisha peleka chungu uani au bafuni ukioshe: mimina maji matamu polepole, mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu. Chungu cha lita 5 kinataka lita 10 hadi 15. Yaache yachuruzike yote ndipo urudishe ndani. Rudia kila baada ya miezi miwili au mitatu ikiwa huna maji mengine ya kutumia.

Maji mengine, hata hivyo, yapo. Ya mvua ndiyo bora: acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi la bati, kinga inayofuata, funika pipa. Yaliyopita kwenye makuti hutoka na rangi ya chai lakini hayana neno. Msimu wa kiangazi tega ndoo chini ya bomba la kiyoyozi. Maji yale yametoka hewani, hayana chumvi wala chokaa, na kila siku ofisi na mahoteli yanayamwaga barabarani. Si ya kunywa, lakini kangaga linayafurahia. Kuchemsha maji ya kisima hakuondoi chumvi: yakipungua sufuriani chumvi inabaki ile ile. Kuyalaza ndooni usiku kucha kunapunguza klorini tu.

*Upepo wa pangaboi au kiyoyozi.* Ukiona upande mmoja tu umekauka, fuata upepo unakotoka. Chumba chenye kiyoyozi mchana kutwa ndicho mahali pekee hapa visiwani ambapo hewa kavu ni kisa cha kweli. Hamisha mmea nje ya njia ya upepo. Kupulizia maji kunasaidia kwa dakika chache, basi.

*Usumba ulio na chumvi.* Sababu hii huwashinda hata wenye uzoefu. Paje, Bwejuu na Jambiani makumbi hufukiwa pwani kwa miezi ili yalainike, kisha hupondwa kupata usumba wa kusokota kamba. Ungaunga unaobaki ni mzuri sana kwa kupandia, mwepesi na unashika maji, lakini umelala baharini muda wote huo. Ukiutia chunguni ulivyo, umelipanda kangaga kwenye chumvi. Uloweke ndani ya maji matamu, kamua, mwaga, rudia mara tatu au nne, usiku mmoja kila mara, mpaka maji ya mwisho yasiwe na ladha ya chumvi.

*Mbolea nyingi.* Kama uliweka mbolea hivi karibuni na ncha zikaungua ndani ya wiki moja au mbili, osha udongo kwa njia ile ile ya juu. Kipimo cha kangaga ni nusu ya kilichoandikwa kwenye paketi, mara moja kwa mwezi wakati linakua, na kwenye udongo uliokwisha kuloweshwa.

*Upepo wa bahari.* Kwa nyumba za pwani ya mashariki, hasa wakati wa Kusi, chumvi huja na upepo hadi roshani na madirishani. Suuza majani kwa maji matamu kila wiki.

Ncha iliyokwisha kuungua hairudi kijani. Ikate kwa mkasi ukifuata umbo la jani, uache mstari mwembamba wa kahawia. Ukikata ndani ya kijani, kidonda kipya nacho kitakauka.

Simama hapa: ikiwa maji ya kisima yamekuwa na chumvi ghafla, hilo si suala la maua tena. Mwarifu sheha na Mamlaka ya Maji, ZAWA, yapimwe kabla ya watu kuendelea kuyanywa.

Vijani vinapukutika, sakafu imetapakaa

Nephrolepis hupukutisha vijani hata lilipo na afya, kwa hiyo anza kwa kuuliza: ni majani mangapi, na yapi? Mawili matatu ya chini, ya zamani, ni uzee. Yakate karibu na udongo uendelee na shughuli zako.

Yakiwa mengi, sababu ya kwanza ni kiu. Mara nyingi ni kiu ya mara moja: familia ilikwenda Pemba harusini, kangaga likabaki na aliyeahidi kulimwagilia. Udongo ukikauka kabisa hujitenga na ukuta wa chungu, na maji unayomwaga baadaye hupita pembeni yakatokea chini bila kugusa mizizi. Zamisha chungu kwenye beseni la maji kwa dakika 20 hadi 30, mpaka mapovu yaishe, kisha kiache kichuruzike.

Sababu ya pili ni kuhamishwa. Mmea uliozoea kivuli cha kitalu ukiingizwa sebuleni utapukutisha kwa wiki mbili tatu. Ukiuhamisha tena kwa wasiwasi, hesabu inaanza upya.

Nadra zaidi, na karibu siku zote kwenye vyumba vya kiyoyozi, ni utitiri: vidoa vyeupe vyembamba juu ya jani na utando mwembamba chini yake. Ogesha mmea wote kwa maji ya bomba, chini na juu ya majani, kila baada ya siku tatu kwa wiki mbili. Hapo ndipo maji yanapofanya kazi ya dawa.

Likiwa limebaki vijiti vitupu, usilitupe. Bonyeza shina karibu na udongo. Likiwa gumu, kata vijiti vyote ubakishe urefu wa vidole viwili, weka kivulini, udongo uwe na unyevu tu. Baada ya wiki kadhaa litachipua.

Majani yamegeuka manjano

Angalia manjano yameanzia wapi, hapo utajua njia ya kufuata.

Majani mengi kwa pamoja, ya zamani na mapya, na udongo umelowa: maji yamezidi. Nenda sehemu inayofuata.

Majani mapya tu, yamepauka manjano lakini mishipa imebaki kijani: mmea haupati madini ya chuma, na kwa kawaida chuma kimo udongoni, ila chokaa imekifunga. Mbali na maji, tafuta chokaa nyingine. Kuta za nyumba kongwe hupakwa chokaa, nayo humeguka; chungu kilichosogezwa ukutani hupokea vumbi lake mwaka mzima. Majivu ya jikoni yana tabia hiyo hiyo. Wazee huyatia kwenye mboga na migomba kwa faida, lakini kwa kangaga ni kuongeza tatizo juu ya tatizo. Sogeza chungu, ondoa udongo wa juu, weka mboji iliyoiva.

Majani ya zamani yamefifia polepole na mmea hauongezeki: njaa. Mbolea ya maji, nusu kipimo, au samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, konzi moja juu ya udongo. Samadi mbichi inachoma mizizi. Chicha ya nazi na majani ya chai yenye sukari, ambavyo kila jirani atakushauri, huita sisimizi na ukungu kabla ya kulisha chochote.

Linanyauka ingawa udongo umelowa

Hapa ndipo makangaga mengi hufia, kwa sababu mwenye mmea akiona majani yamelegea huongeza maji. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa, kwa hiyo mmea unakufa kwa kiu ndani ya maji.

Chunguza mambo rahisi kwanza. Chungu kina tundu? Vile vya urembo vinavyouzwa kwa kuwekwa sebuleni mara nyingi havina. Kisahani kina maji? Mwaga. Umepanda kwenye kinamo kitupu? Udongo huo hushika maji siku nyingi chunguni hata kama shambani unazaa mpunga vizuri.

Kisha toa mmea. Laza chungu ubavu, shika shina karibu na udongo, gonga kitako cha chungu. Mizizi ya kangaga zima huwa na rangi ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, kwa hiyo usiihukumu kwa rangi, ibonyeze. Iliyo hai ni migumu na inarudi ukiipinda. Iliyooza ni telezi, gamba lake la nje linavuka ukilivuta na kuacha uzi mtupu ndani, na inanuka mtaro. Kata yote iliyooza kwa kisu kilichosafishwa kwa spiriti. Punguza na majani kwa kiasi hicho hicho, maana mizizi iliyobaki haitaweza kuyalisha yote.

Panda upya kwenye chungu kidogo kuliko cha mwanzo. Mchanganyiko unaofaa: mafungu mawili ya mboji ya majani yaliyooza chini ya miti, fungu moja la usumba uliooshwa, fungu moja la mkaa uliovunjwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi na kupepetwa vumbi lake. Mchanga wa pwani usiukaribishe hata kidogo: una chumvi na vipande vya kombe na matumbawe, ambavyo ni chokaa ile ile unayoikimbia. Ukipata udongo wa kinongo kutoka maeneo ya mikarafuu unaweza kuongeza konzi mbili. Mwagilia mara moja, kisha subiri mpaka kidole kikute pakavu juu.

Ratiba ya "kila siku asubuhi" iache. Chungu kile kile kinaweza kutaka maji kila siku mbili mwezi wa Februari na kukaa wiki nzima wakati wa masika.

Simama hapa: mizizi yote ikiwa laini na shina lenyewe likibonyea, hakuna dawa. Na usikimbilie Jozani au Ngezi kuchimba jingine. Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004 na Ngezi ni msitu wa hifadhi. Omba chipukizi kwa jirani.

Vidoa vya kahawia chini ya majani

Watu wengi hununua dawa ya wadudu kwa ajili ya vidoa hivi, na mara nyingi si wadudu. Kangaga halitoi maua wala mbegu. Huzaa kwa vumbi linalotengenezwa chini ya jani. Kwenye Nephrolepis ni vidoa vya mviringo, vimejipanga safu mbili kwa vipimo sawa, kila upande wa mshipa wa katikati ya jani dogo. Kwenye Asplenium ni mistari iliyolala mshazari. Kwenye Adiantum vimejificha kwenye kingo zilizokunjwa. Vumbi hilo likiiva hudondoka na kuacha unga wa kahawia mezani. Futa meza tu.

Wadudu gamba hawana mpangilio. Wamejibandika ovyo, hata kwenye uti na vijiti, wanabanduka ukiwakwangua kwa kucha, na majani yanakuwa na utomvu wa kunata unaofuatwa na sisimizi. Wakiwa wachache, wabandue kwa pamba iliyochovywa spiriti, ukigusa mdudu pekee. Wakiwa wengi, kata majani yaliyoathirika sana, kisha tumia sabuni laini ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja. Ijaribu kwenye jani moja, subiri siku mbili, ndipo unyunyizie mmea mzima jioni na kuusuuza baadaye. Kangaga lina ngozi nyepesi kuliko mimea mingi. Hata mafuta ya mwarobaini yanayofaa kwenye mwembe yanaweza kuliunguza. Vidung'ata, wale weupe wenye unga wa pamba wanaojificha kwenye makutano ya vijiti, dawa yao ni hiyo hiyo.

Kuna la tatu, linalopata zaidi Asplenium: mabaka ya kahawia hadi meusi yaliyokatwa kwa mistari iliyonyooka ya mishipa, yanayopanda kutoka chini ya jani kwenda juu. Hiyo mara nyingi ni kazi ya minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, na husafiri kwenye maji yanayokaa juu ya majani. Tenga mmea siku hiyo hiyo.

Simama hapa: kwa mabaka hayo, au wadudu wakirudi baada ya kuwasafisha mara tatu, chukua jani ndani ya mfuko uliofungwa umpelekee bwana shamba au bibi shamba wa wilaya yako. Usinunue dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, na usipulizie dawa ya shambani ndani ya nyumba wanamolala watoto. Mtu aliyepulizia akianza kutoka jasho jingi, kutokwa na mate, kizunguzungu au kuona ukungu machoni, mtoe kwenye hewa safi, mvue nguo zilizolowa dawa, mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Usimtapishe.

Nyuzi ndefu zinaning'inia, vinundu mizizini

Vyote viwili ni salama. Nyuzi za kijani au kahawia zenye manyoya ni matawi ya kuzalia: laza moja juu ya chungu kingine chenye udongo, ibane kwa kijiti, na litaota kangaga jipya. Ukiona zinakuudhi, kata. Vinundu vya mviringo mizizini hutokea kwa aina moja ya Nephrolepis inayohifadhi maji humo. Watu wameitupa mimea mizima wakidhani ni ugonjwa.

Chipukizi linakufa kabla ya kufunguka

Chipukizi la kangaga hutoka limejikunja kama konokono, na muda huo ni laini mno. Likiwa jeusi na kavu, rudi kwenye chumvi na mbolea. Likiwa limekatwa au kutafunwa, toka na tochi usiku: ni konokono wenyewe, hasa wakati wa mvua na kwa vyungu vinavyokaa uani mchana. Waokote kwa mkono uliovaa mfuko wa plastiki, kisha unawe kwa sabuni, maana konokono hubeba vimelea vinavyodhuru watu. Usiwamwagie chumvi karibu na chungu. Na waambie watoto wasiyaguse machipukizi, kwani kuyakunjua kwa vidole ni burudani isiyokwisha kwao.

Majani yamepauka, yana mabaka meupe au makavu katikati

Jua. Kinachochanganya watu ni kwamba hawajakihamisha chungu. Chungu hakikuhama, jua limehama. Katikati ya mwaka jua letu liko upande wa kaskazini, na Desemba liko upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la kusini lililokuwa na kivuli mwezi wa Juni huingiza jua msimu wa kaskazi. Sogeza mmea ndani kwa mita moja au mbili, au tundika pazia jepesi. Mwanga wa kutosha kusoma gazeti bila taa ndio kipimo. Ukumbi wa giza kabisa nao haufai. Humo majani hurefuka, huwa machache na hulala.

Maji yanapita moja kwa moja, mmea umesimama

Kama si udongo uliokauka nilioutaja juu, basi mizizi imejaa chungu. Toa mmea uangalie: ukiona mizizi mingi kuliko udongo, ugawe kwa kisu kikali vipande viwili au vitatu, kila kimoja na majani yake, mwanzoni mwa masika au vuli. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa vidole viwili vya upana tu. Kikubwa mno kitashika maji ambayo mizizi haiyafikii.

Wakati wa kipupwe, lakini, kusimama si ugonjwa. Usilipatie kangaga mbolea kulilazimisha.

Mbu na vijinzi

Vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu vinazaliana kwenye udongo wa juu ulio na unyevu wakati wote. Acha sentimita mbili za juu zikauke kati ya umwagiliaji na vitapungua vyenyewe.

Mbu ni jambo zito. Maji ya kisahani ni mahali hasa anapopenda kutaga mbu yule mwenye miguu ya madoadoa anayeuma mchana na kueneza kidingapopo. Wiki moja hadi mbili zinatosha yai kuwa mbu. Mwaga kisahani nusu saa baada ya kumwagilia na kisugue angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu mayai hugandia ukutani na hustahimili ukavu. Kujaza kokoto kwenye kisahani hakuzuii. Maji bado yapo chini yake. Mtu mwenye homa ya ghafla na maumivu ya viungo apelekwe kituo cha afya apimwe, na kabla ya hapo asipewe aspirini wala ibuprofeni.

Chungu cha kuning'inia kinadondosha, au kinavuta dari

Chungu cha lita 10 kilicholowa hupita kilo 10 kwa urahisi. Dari za nyumba kongwe zimelazwa juu ya boriti za mikoko, mawe na chokaa vikiwa juu yake, na boriti iliyoliwa na mchwa au kuozeshwa na uvujaji wa miaka haionyeshi kwa nje. Ndoano ishike boriti yenyewe, isishike chokaa. Ukiona ufa mpya, au vumbi la chokaa sakafuni chini ya ndoano, teremsha chungu leo na uite fundi anayezijua nyumba za aina hiyo kabla ya kutundika chochote tena.

Kumwagilia mmea ukiwa juu ndiko kunakoleta maji kwenye swichi na pangaboi. Uteremshe, umwagilie uani, uache uchuruzike saa nzima ndipo uupandishe. Maji yakishaingia kwenye soketi au taa, usiguse wala usifute: zima swichi kuu ukiwa na mikono mikavu na umesimama pakavu, umwite fundi umeme. Kama swichi kuu yenyewe imelowa, toka chumbani uwaite watu wa shirika la umeme. Kangaga halidai kuning'inizwa. Kigoda kando ya mlango wa uani kinalitosha.